Mifuko ya Njano

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza usiku na asubuhi ilikuwa bado inamwagika. Nimefika kazini viatu vinatoa maji kila nikikanyaga. Kabla sijavua koti nikaitwa kwa Katibu wa hospitali. Huyu ni mgeni, ameletwa mwanzoni mwa mwaka, bado anasalimia kila mtu kwa mkono mpaka mlinzi wa getini. Ameniambia kuanzia leo mimi si msimamizi wa usafi tu, ni mratibu wa mazingira pia. Nikauliza nani atanisaidia upande wa usafi. Akasema nitajipanga.

Kazi yenyewe ni hii, naiandika ili niielewe. Kila wodi ina mifuko ya rangi mbili. Wa njano ni wa vitu vyenye damu na usaha, ambavyo ni lazima vichomwe. Mweusi ni wa takataka za kawaida: maboksi, karatasi, chupa za plastiki. Hizi hazichomwi, kuna gari linazichukua. Lakini watu wetu wanatupa kila kitu kwenye njano, kwa hiyo kichomea taka kinawaka kutwa nzima kikila plastiki, na moshi wake unatuingilia madirishani. Wakati wa mvua ni mbaya zaidi, moshi haupandi, unalala chini. Wodi ya watoto ndiyo iliyo karibu nao kuliko zote.

Katibu anataka mvua zikiisha mifuko ya njano iwe imepungua nusu. Nimemwambia sawa, bosi. Ningesema nini kingine?

Jumatano, 6 Machi

Mapipa mapya yameletwa. Ya njano ni ya kukanyaga, mguu ukishuka kifuniko kinapanda. Hayo nimeyaweka ndani ya vyumba vya matibabu. Meusi ni ya kufunua kwa mkono. Hayo nimeyapanga koridoni, moja nje ya kila mlango, yote kwenye mstari mmoja, maandishi yakitazama mbele. Vyumba vyetu ni vyembamba na mimi sipendi kitu kinachozuia fagio. Nilipomaliza nikasimama mwisho wa korido nikayaangalia. Yalipendeza. Katibu akaja akapiga picha.

Alhamisi, 7 Machi

Mafunzo ukumbini. Nusu ya watu walisinzia, na nusu nyingine walikuwa wamekuja kukaa tu.

Katibu ameeleza utaratibu. Kila Ijumaa mimi nitafungua mifuko ya njano ya kila wodi. Itakayofanya vizuri itapewa bendera ya kijani iwekwe mlangoni. Itakayokutwa imechanganya, muuguzi wake mkuu atapata onyo. Onyo la tatu ni uhamisho kwenda kituo cha ng'ambo ya mto, ambacho hakijapata muuguzi muda mrefu kwa sababu mvua ikinyesha barabara yake haipitiki.

Sauti kutoka nyuma ikasema, "Kumbe kile kituo ndiyo jela yetu. Wagonjwa wa kule wana habari?"

Watu wakaangua kicheko, hata Katibu akacheka kidogo. Sikuhitaji kugeuka nimjue. Ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji. Mdomo wake hauna breki.

Jumapili, 10 Machi

Kwa wifi, kama kila Jumapili. Anaishi na mama yao, mama mkwe wangu, tangu mama apate kiharusi. Mama hawezi kujigeuza, upande mmoja wote umekufa. Katikati ya wiki jirani anamsaidia wifi, Jumapili namsaidia mimi. Tulimwosha, tukambadilisha shuka, tukampaka mafuta mgongoni pale ngozi inapotaka kuchubuka. Wifi anafanya kazi hiyo kama alivyo kazini, haraka na bila huruma ya maneno, lakini mgongo wa mama hauna kidonda hata kimoja. Nimeona wagonjwa waliolala muda mfupi kuliko yeye wakiwa wameoza.

Ijumaa, 15 Machi

Ukaguzi wa kwanza. Nimevaa aproni, glavu juu ya glavu, barakoa na buti za mpira, nikafungua mifuko nyuma ya kichomea taka chini ya kibanda cha bati. Mchomaji wetu, ambaye watu humwita Jivu, alinishikia mifuko huku akicheka. "Umesoma mpaka sekondari, dada, uje kuishia kwenye takataka pamoja na mimi?"

Wodi zote zimechanganya, lakini ya upasuaji imepita kiasi. Maboksi ya glavu, chupa za maji ya dripu, karatasi za kufungia vifaa. Onyo la kwanza. Nilikwenda kumwambia mwenyewe mlangoni pake, sikutaka asikie kwa mtu.

"Kwa hiyo siku hizi unachungulia mifuko yangu, wifi?"

"Ya kila mtu, wifi."

"Na umekuta nini cha maana?"

Nikamtajia.

"Hongera. Sasa niambie. Kidonda kiko wazi, glavu zimelowa damu, nitoke nikafunue hilo pipa lako la koridoni kwa mkono gani? Lile ni pipa la wageni kupigia picha."

"Ni hatua mbili tu, wifi."

"Basi njoo uzitembee wewe, mimi nibaki na mgonjwa."

Wauguzi wake wakacheka. Nimeondoka uso unawaka. Kila wodi ina kisingizio chake, wenzake angalau wanavisema kwa heshima.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Wafanya usafi wawili wanaumwa, nimepiga deki mwenyewe korido ya chini. Mgongo.

Ijumaa, 22 Machi

Bendera ya kijani imekwenda wodi ya wazazi. Mifuko yao ilikuwa myepesi ajabu. Baadaye nikagundua siri: wanawaambia ndugu wa wagonjwa waondoke na takataka zao kwenye vikapu vya chakula. Katibu amefurahi mno, amepiga picha na bendera. Sikuwa na nguvu za kumwambia.

Siku hizi nikiingia wodini watu wanasema, "Mpelelezi huyo, ficheni maboksi." Mara ya kwanza nilicheka.

Jumatano, 27 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado nanuka moshi, nimeoga mara mbili.

Kuni za kuwashia zililowa na dizeli ilikuwa kidogo, kwa hiyo mifuko ilikuwa imerundikana tangu Jumatatu. Leo Jivu akapata dizeli akajaza tanuri. Plastiki ikashika moto nusu nusu. Moshi ukatoka mzito, mweusi, ukafika usawa wa paa, mvua ikaurudisha chini ukaelekea moja kwa moja wodi ya watoto. Nilikuwa koridoni. Kwanza nilisikia kikohozi kimoja, kisha vingi, kisha akina mama wakaanza kupiga kelele.

Tukaanza kutoa vitanda. Madaktari, wauguzi, wafanya usafi, wapishi, kila aliyekuwa na mikono. Korido ikawa nyembamba ghafla kwa sababu ya mapipa yangu, mpishi mmoja akayapiga mateke moja baada ya jingine mpaka nje kwenye mvua. Kulikuwa na kichanga mwenye homa ya mapafu aliyekuwa kwenye oksijeni. Wifi alitokea sijui wapi, akambeba mtoto kwa mkono mmoja na mkono mwingine akasukuma mtungi, akipaza sauti, "Pisha! Pisha we!" mpaka wodi yake ya upasuaji upande wa pili, akamlaza kwenye kitanda cha wauguzi wa zamu. Mtoto alipona. Kwa muda fulani midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika.

Moshi ulipopungua nilimfuata Jivu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, anakohoa mpaka anashika mbavu. Akauvuta mfuko mmoja ambao haujachomwa, akaupasua kwa fimbo. Chupa za dripu zikamwagika.

"Hizi ndizo zinazotoa ule mweusi," akasema. "Hizi tu."

Mfuko ulikuwa na kibandiko cha upasuaji.

Nimesimama pale kwenye mvua nikiziangalia. Mtu yule yule aliyembeba mtoto ndiye aliyetoa moshi. Sikuweza kuyaunganisha mambo hayo mawili kichwani, na bado siwezi. Jioni niliokota mapipa, nikayafuta, nikayarudisha kwenye mstari wake.

Ijumaa, 29 Machi

Onyo la pili kwa upasuaji. Safari hii wifi hakufanya mzaha. Alikuwa ananawa mikono, hakugeuka.

"Limebaki moja," akasema.

"Limebaki moja, wifi. Tafadhali."

"Mimi nikienda ng'ambo ya mto, Mama naye aende juu ya trekta? Au utamchukua wewe?"

"Usinipeleke huko. Tenganisha takataka tu."

"Tenganisha takataka tu," akanikariri kwa sauti yangu, nyembamba. Akafunga bomba.

Jumapili, 31 Machi

Asubuhi wifi ametuma ujumbe kwa simu ya mume wangu: leo nisisumbuke, Mama ameshaoshwa. Mume wangu akanisomea, akaweka simu mezani.

"Wewe na dada mna nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, ana subira, hilo namsifu.

"Huwezi kuufumbia macho mfuko mmoja?"

"Na wodi nyingine niziambie nini?"

"Wodi nyingine hazina mama yangu ndani."

Paa letu linavuja kwenye kona ya mlango, tukawa tunasikiliza maji yakidondoka kwenye sufuria.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefumba macho. Mfuko wa upasuaji ulikuwa na chupa na maboksi, machache kidogo kuliko kawaida, nami nikaandika kwamba ni nafuu. Jivu aliniona, akaufunga mfuko.

Jumatatu, 8 Aprili

Wametambua. Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, ambaye ana maonyo mawili kama wifi, amenisimamisha mbele ya famasi watu wakiwa foleni. "Mama mazingira, nasikia mifuko ya ndugu zako inanukia marashi." Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa hakuna aliyewahi kuniambia napendelea.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Moshi. Akina mama wa wodi ya watoto wameziba nyufa za madirisha kwa kanga zilizolowa maji.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefungua mifuko yote kwa haki. Wodi ya wanaume wamejitahidi. Upasuaji vile vile, chupa juu ya chupa. Onyo la tatu. Nimempa Katibu taarifa nikiwa nimesimama, nikitazama feni yake. Akauliza, "Una uhakika?" Nikasema ninao. Alasiri hiyo hiyo akapeleka jina makao makuu.

Nimerudi nyumbani nikalala na nguo za kazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Majibu yamekuja mapema kuliko tulivyodhani. Kituo cha ng'ambo ya mto kilikuwa kinasubiri mtu kwa hamu. Wifi anatakiwa aripoti katikati ya Mei. Nilimwona akitoka ofisini kwa Katibu. Nilijiandaa kutukanwa, hata niliyataka hayo matusi. Alinipita kama vile mimi ni mojawapo ya mapipa.

Jumapili, 21 Aprili

Mume wangu amekwenda kwao peke yake. Amerudi jioni akasema Mama hawezi kusafiri barabara ile, atakufa njiani, kwa hiyo ataletwa kwetu. Mama mwenyewe amekataa. Anaongea kwa shida siku hizi lakini hilo amelisema likaeleweka: katika nyumba ile hatoki, labda atolewe. Na wifi amesema hamwachi.

"Sasa itakuwaje?"

"Ataacha kazi," mume wangu akasema. "Amesema afadhali aache."

Nikapima chumba cha watoto kwa kamba ingawa hakuna aliyenituma. Kitanda cha Mama kingeingia, wanangu wangelala sebuleni. Nilipima tena ili nisilale.

Jumanne, 23 Aprili

Leo lazima niandike yote, hata kalamu ikiisha wino.

Asubuhi Katibu alikuwa anapanda ngazi za mbele kwa haraka, simu sikioni, ngazi zimelowa. Aliteleza. Goti na muundi wake vikapiga kwenye kona ya saruji, suruali ikachanika, damu ikamwagika mpaka kwenye soksi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikampa bega, nikamkokota hadi chumba cha vidonda cha upasuaji. Niliomba njia nzima wifi asiwepo. Alikuwepo, na mwenzake alikuwa amekwenda kula, kwa hiyo alikuwa peke yake.

"Bosi amekuja kukagua kwa mguu," akasema alipomwona. "Panda kitandani. Wewe shika hapa, bana kwa nguvu." Mimi ndiye niliyeambiwa. Nikabana shashi juu ya kidonda.

Akavaa glavu. Akapasua karatasi ya kifurushi cha vifaa. Karatasi safi, kavu. Akaitupa, mguu wake ukakanyaga pipa la njano bila yeye kuangalia, kama mtu anayejikuna. Akafungua chupa ya maji ya dripu, akamwagilia kidonda, mchanga ukatoka, Katibu akauma meno. Chupa ikaisha. Mguu, pipa la njano. Boksi la nyuzi. Mguu, pipa la njano.

"Samahani, sista," Katibu akasema, kijasho kinamtoka, "hiyo chupa si ya mfuko mweusi?"

"Ndiyo. Mfuko mweusi uko koridoni."

"Basi kwa nini…"

Wifi akasimama wima. Akaacha sindano kwenye sinia, akainua mikono yake miwili mbele ya uso wa Katibu, glavu zinadondosha damu. "Haya, naenda. Nafungua mlango na hizi, nafunua pipa na hizi, navua, nanawa, navaa nyingine, narudi. Kisha kwa ile karatasi naenda tena. Wewe utanisubiri? Wifi, utaendelea kubana?"

Katibu alitazama mlango, ambao unafungwa ili nzi wasiingie. Kisha akatazama pale miguuni pa wifi palipo na pipa la njano, na pembeni yake nafasi tupu, sakafu safi inayong'aa, niliyoitaka mimi iwe tupu kwa ajili ya fagio. Kisha akanitazama mimi.

Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyangu. Nikayakumbuka maneno aliyoniambia siku ya onyo la kwanza, waziwazi, mlangoni pake. Nilikuwa nimeyasikia vizuri kabisa. Nilisikia kejeli tu, kwa sababu ni yeye aliyeyasema na anavyoyasema.

Wifi akashona. Mishono yake ni midogo na imenyooka. Alipomaliza akamwambia Katibu arudi baada ya siku tatu, "kama bado nipo."

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Katibu asubuhi. Mguu aliuweka juu ya kiti.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Tutahamisha mapipa leo. Kimyakimya."

"Na uhamisho?"

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Umeshapita. Nikirudi makao makuu kusema utaratibu wangu ulikuwa na kasoro, mpango wote watauzima. Moshi utabaki pale pale. Umewafikiria watoto wale?"

"Nimewafikiria. Mapipa niliyapanga mimi, bosi, si wewe."

"Na mimi nikayapiga picha." Akacheka bila furaha. "Acha, dada. Tuyahamishe tu. Mengine yatapoa."

Nimetoka. Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, na anaogopa wakubwa wake kama mimi ninavyomwogopa yeye.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Sikula.

Ijumaa, 26 Aprili

Kikao cha wakuu wa wodi. Zamu yangu ya kutoa taarifa huja mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukusanya vitu vyao. Wifi alikuwa kwenye kona karibu na dirisha, akisikiliza kama mtu aliyeshafunga mizigo.

Nikasimama. Nikasema wodi ya upasuaji imepewa maonyo matatu na yote si halali. Nikasema mapipa meusi niliyaweka koridoni kwa sababu nilitaka sakafu safi na mstari mzuri, na kwamba muuguzi mwenye damu mikononi hawezi kulifikia pipa la koridoni bila kumwacha mgonjwa. Nikasema niliambiwa jambo hilo tangu mwanzo, nikaliita kisingizio.

Katikati nikanywa maji ya mtu mwingine.

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo yangu mawili nayo?"

"Yako pia. Chumba chako cha vidonda ni vile vile."

"Hata sisi wazazi," mwingine akasema kwa haya, "ile bendera…" Hakumalizia, na hakuna aliyemwuliza.

Katibu alikuwa mwekundu wa macho. Akasema kikao kimeahirishwa, akatoka akichechemea bila kuniangalia. Wifi naye akatoka. Nilidhani labda atanisubiri mlangoni. Hakunisubiri.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeondoa mapipa yote koridoni. Fundi wetu amefunga ndoana pembeni ya kila kitoroli cha vidonda, mfuko mweusi unaning'inia wazi bila kifuniko, pale mkono wa muuguzi unapofika wenyewe. Kazi ya asubuhi moja. Vyumba vimejaa kidogo, fagio linazunguka. Basi lizunguke.

Katibu hayupo. Karani wake anasema ameondoka alfajiri kwenda makao makuu, na mguu ule ule, na nyuzi zake.

Alhamisi, 2 Mei

Amerudi. Ameniita, hakunikaribisha kiti, mwenyewe pia alikuwa amesimama.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, bosi. Nisamehe."

"Nimewaeleza kila kitu. Wamenisema kama mtoto wa shule. Uhamisho wameufuta." Akakaa sasa, polepole, akiushika mguu. "Lakini kile kituo bado hakina mtu. Wanataka jina jingine kutoka hapa, mwisho wa mwezi. Nimewaambia nitatafuta wa kujitolea. Wewe unamjua?"

"Simjui."

"Hata mimi."

Nilimdhania mtu wa picha tu. Nikatoka nikamletea chai, jambo ambalo sijawahi kumfanyia bosi yeyote.

Ijumaa, 3 Mei

Mifuko ya njano ya upasuaji haikufika nusu ya ile ya zamani. Niliipekua yote nikakuta boksi moja. Jivu amemaliza kuchoma kabla ya saa nane, akabaki hajui afanye nini, akafagia kibanda. Moshi ulikuwa mwembamba, wa kijivu, ukapanda juu kidogo kabla mvua haijaugusa. Hakuna aliyeshangilia. Kwenye wodi ya watoto walikuwa wamefungua dirisha moja.

Jumapili, 5 Mei

Sikutuma ujumbe wa kuomba ruhusa. Nilivaa nikaenda. Mume wangu alitaka kunisindikiza nikamwambia abaki.

Wifi akafungua mlango, taulo begani, mikono imelowa. Hakunikaribisha wala hakufunga.

"Nimesikia ulivyosema kikaoni. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo."

"Mbele ya watu wote hao. Wakanitazama kama mgonjwa."

"Nilitaka maonyo yafutwe, wifi."

"Yamefutwa. Mimi nilikuambia jambo hilo mlangoni pangu, si kikaoni. Wewe ukalisikia ulipokwisha kulisema mwenyewe." Akapangusa mkono mmoja, kisha mwingine. "Ungekuja hapa kwanza. Ungenianza mimi."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yote yakanitoroka. Nikamwambia ni kweli, nilipaswa kuanza na yeye. Nikamwambia nilimwona mkaidi na mwenye dharau, na siku ya moshi nilimwona mbaya zaidi ya hapo, hata baada ya kumwona na yule mtoto mkononi.

"Mbaya kiasi gani?"

"Sana."

Akatoa pumzi puani, sijui kama ilikuwa kicheko. "Vua viatu, umeniletea matope."

Mama alikuwa amelala ubavu, shuka limeshakunjwa nusu, beseni linatoa mvuke. Wifi akaenda upande wa kichwa, akasema, "Shika miguu." Nikashika. Tukamgeuza taratibu. Amepungua, nilihisi mifupa ya vifundo. Mgongo wake bado hauna kidonda.

Mama akafungua macho, akanitambua, akahangaika na mdomo mpaka maneno yakatoka.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Nilitazama miguu yake mikononi mwangu.

"Mvua, Mama," wifi akasema, akikamua kitambaa kwenye beseni. "Mvua ilimzuia." Kisha akaninyooshea kidevu nimpe sabuni.